Siku Niliyoijaza Mafuta Taa ya Mwalimu Zablon

Mkiniona napita karibu na kile chuo cha ualimu upande wa Bondo nikiwa nimefunika uso na leso, tafadhali msiniite kwa jina. Kule wananijua, na si kwa uzuri.

Mwalimu Zablon ndiye alikuwa mkuu wa kwanza wa chuo hicho, wakati stima haijafika. Mimi nilikuwa jikoni, na kila jioni kazi yangu ya mwisho ilikuwa kupampu karabai yake, ile taa ya presha, aiweke katikati ya darasa wanafunzi wasome (Elisha, Dismas, Roselida na wale mapacha wa Muhoroni, wote nawakumbuka, wote walikuwa na njaa). Alipofariki taa ikabaki kwa mkewe, Mama Perpetua, na juzi mama akaamua kuirudisha chuoni, ikae kwa maktaba mpya yenye jina la mzee. Macho yake yanaisha. Alisema anataka kuiona ikiwaka mara moja tu kabla hayajafumba kabisa, na wa kuiwasha ni mimi.

Hapo ndipo nikajifanya nina akili. Nikitoka Kondele asubuhi nikajiambia, hawa wasomi wa siku hizi watatoa wapi mafuta ya taa, nikanunua, nikatia kwa chupa ya soda, nikaiweka kwa mkoba kando ya Biblia. Nilifika mapema. Taa ilikuwa mezani peke yake, imesuguliwa mpaka inang'aa, nikaiinua, nyepesi, tangi kavu kabisa. Niliwaonea huruma. Nikaijaza. Nyuma kulikuwa na waya unaning'inia, nikadhani wameifunga isiibwe (hata mimi ningeifunga).

Hakuna aliyeniambia kwamba Kasmir, fundi wa stima wa chuo, alikuwa ameitoboa tangi ubavuni, akapitisha huo waya, akaziba na gundi, akaweka balbu ndani ya kioo, na kwamba kazi yangu ilikuwa kubonyeza swichi ukutani tu.

Watu wakajaa. Askofu Nashon akasimama kando ya meza na kanzu yake nyeupe, tayari kubariki. Nikaitwa. Wote wakageuka kutazama ukuta, mimi nikaenda kwa taa.

"Nyar Seme," Mama Perpetua akaniita kutoka kiti cha mbele (mimi ni binti wa Seme, yeye haniiti vingine), "umeweka mafuta?"

"Nimeweka, mama."

"Basi pampu vizuri. Mwalimu hakupenda mwanga mlegevu."

Nikapampu, na nikiwa na miaka hii bado mkono una nguvu, nikapampu mpaka gundi ya Kasmir ikaachia, na mafuta yakaruka yote kifuani mwa Askofu akiwa amesema tu "Tuombe". Mimi mkono wa pili nilikuwa nimeshika kibiriti.

"Mama! Weka kibiriti chini!" Kasmir alikuja akiruka viti. "Hiyo ni ya stima!"

"Ni ya mafuta," nikamwambia, "nimeijaza mwenyewe." Maikrofoni ilikuwa mbele yangu, kwa hivyo hata wapishi nje walisikia.

Chakula kililiwa uwanjani. Askofu alitengewa kiti mbali na jiko la chapati. Watu walicheka mpaka Roselida, ambaye sasa ni mwalimu mkuu mahali fulani, akashikilia mti, lakini hilo halikuniuma. Kasmir alisema taa lazima ikauke siku kadhaa, na Mama Perpetua akapelekwa nyumbani bila kuiona.

Nilienda kumchukua mwenyewe ilipokauka. Kasmir akabonyeza swichi (mimi niliambiwa nikae mlangoni). Mama akainua uso.

"Imewaka?"

"Imewaka, mama."

"Mwanga nauona kidogo. Mbona imenyamaza?"

Karabai huwa inavuma, ssss, usiku wote, na yeye aliolewa ndani ya sauti hiyo. Kasmir akatazama dari. Mimi nikatoka mlangoni, nikainama sikioni mwake nikaanza, "Ssssss," na sikuacha, pumzi ikiisha navuta nyingine, mpaka akafumba macho akasema, "Hapo sasa."

Barnaba mlinzi akaingia mbio na rungu, anauliza nyoka iko wapi.

Nimeapa sitagusa tena taa ya chuo chochote. Lakini mama akitaka kuitazama nitaenda naye, mafuta nitaacha nyumbani, sauti nitabeba. Barnaba ameshaambiwa.