Sahihi ya Mzee Laurean

Tangu mkewe Paskazia azikwe, barua za shule zilikosa msomaji. Mzee Laurean aliweka alama ya vema kwenye kisanduku cha kwanza, akachora sahihi aliyofundishwa na marehemu, akamrudishia mjukuu wake Atugonza.

Siku moja alimfuata shuleni mapema, akamkuta ameketi peke yake kwenye kiti koridoni, akichungulia darasani kupitia kioo cha mlango. Ndani, wenzake walikuwa wamemzunguka mbwa mkubwa mpole, aliyeletwa kuwatuliza watoto wenye majonzi.

"Mbona hauko ndani?"

"Babu, si wewe ulikataa kwenye barua? Mwalimu kanionyesha sahihi yako. Wiki ya nne hii nabaki nje."

Uso wa mzee ukawaka kwa aibu. Angeweza kusema mbwa ni wachafu, na mtoto angeamini. Lakini mtoto huyu hakuwa amelia tangu msibani.

Mwalimu, asiyejua lugha yao, alipotoka, mzee akavua kofia. "Mwambie," akamwambia mjukuu, macho chini, "babu hajui kusoma. Bibi ndiye alikuwa ananisomea."

Atugonza akatafsiri polepole. Mwalimu akaleta karatasi nyingine, na mtoto akamwonyesha babu kwa kidole kisanduku cha kukubali.

Atugonza aliingia. Mzee akakaa kwenye kiti alichokiacha mtoto, akingoja aibu imtoke, nayo haikutoka.