Piano ya Shemeki na Computer ya Bibliothèque

Bandugu, nitawaambia, mais musinicheke kwanza, juu hii haya ingali inaniwasha: siku bakubwa balikuja kufungua bibliothèque yetu ya kisasa hapa Butembo, ni mimi, mutu wa bibliothèque mwenyewe, niliyeiua.

Mémoires za batoto, zile kazi banaandikaka mbele ya kupata diplome, tulikuwa tumeziingiza zote ndani ya computer moja kubwa, ukurasa kwa ukurasa, kisha karatasi tukazichoma nyuma ya choo (mukubwa wetu alisema bibliothèque ya kisasa hapana vumbi, na sisi tukapiga makofi, wajinga sisi). Ile computer ilikuwa na prise yake nyekundu ukutani, tundu ya kuchomekea waya, moto wake unatoka kwenye batri za sola, na fundi alinikataza kabisa nisichomeke kitu kingine pale, hata chargeur ya simu.

Sasa, sherehe gani ya kwetu inafanyikaka bila chorale? Chorale ikakuja na piano na baffles za kutoa sauti, kubwa sawa makabati, courant, ule umeme wa muji, hakuna, na mupiga piano ni shemeki yangu, kaka ya bibi yangu. Akaniuliza mbele ya bageni bote: "Shemeki, unaninyima courant?" Shemeki hanyimwi kitu mbele ya batu, munajua wenyewe, na bibi angeninunia mwezi muzima. Nikamuonyesha prise nyekundu.

Wimbo wa kwanza ukaenda muzuri, hata mimi nikacheza kidogo. Wa pili, baffles zikakoroma, kitu kikalia pwaa, harufu ya plastiki ikajaa, na chorale ikaendelea kuimba alleluya bila piano, bakubwa bakidhani ni programme, bakapiga makofi. Mimi nilitoka jasho mpaka ndani ya soksi.

Mbele pale alikaa mama moja wa Vuhovi, amevaa liputa, kitenge yake ya misa. Kijana yake aliuawa kwenye barabara ya Beni mbele ya kupokea diplome, nyumba yao nayo balichoma, donc maandiko yake yalibakia kwetu tu. Ni mimi nilimwita, nikamuahidia atayaona kwenye écran ya computer.

Fundi akafungua computer, akanusa, akatikisa kichwa.

"Disque imekufa, na maandiko yote ndani yake. Copy ya pili muliweka wapi?"

Copy ya pili hatukuwa nayo. Mukubwa akaniangalia mimi. Shemeki akakunja waya zake, akasema atapita kesho kusalimia dada yake.

Yule mama akanikaribia. "Papa, kama machine imekataa, si munionyeshe tu karatasi."

"Tulichoma, mama."

"Mulichoma?" Hakupandisha sauti. "Yetu balichoma batu ya silaha. Na nyinyi, nani aliwatuma?"

Nimeapa: sitachoma tena hata gazeti la kufungia karanga, na shemeki akikuja na waya namuambia hapana, anune akipenda. Mais ile swali ya mama sijaijibu. Vuhovi ni karibu, pikipiki zinaendaka kila siku, na mimi sijapanda.