Chumvi Iliyokuwa Ikipotea Nyumbani kwa Kipa

Tulipomaliza kumzika mwanangu, chumvi ikaanza kupotea nyumbani kwake.

Si utani. Pakiti inanunuliwa asubuhi, mchana haipo. Kopo tupu, limerudishwa rafuni na kifuniko juu, kama halijawahi kubeba kitu.

Sukari ipo. Majani ya chai yapo. Mafuta ya kupikia, na bei yake ile, yapo. Ni chumvi tu.

Jirani wa mlango wa pili, mama mwenye genge, nilipomwendea kuazima kwa mara nyingine alinitazama juu mpaka chini.

"Mama Kipa, hiyo chumvi mnakula au mnaogea?"

Nikacheka kwa adabu tu. Moyoni nilikuwa hoi.

Mama Kipa ni mimi. Kipa ni mwanangu, kifungua mimba wangu. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, karakana yake ubavuni mwa nyumba. Jina alilipata uwanjani, maana alidakia timu ya mafundi wa mtaa tangu hajaota ndevu. Mikono mikubwa kama makoleo. Na mikono hiyohiyo ilikata vitunguu vyembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili.

Mkewe anauza nguo sokoni na hurudi giza linaingia, kwa hiyo jiko lilikuwa la Kipa. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa anapika huku anatangaza kama yuko redioni: kitunguu anapokea mafuta, anageuka, anampasia nyanya, nyanya yuko peke yake, hatari hiyo.

Wenzake walimtania eti amekaliwa na mke. Akawajibu kwamba wao wamekaliwa na njaa.

Binti yake wa darasa la pili, Kipa alimwita Refa.

Nyumba hiyo chakula hakipakuliwi mpaka Refa aitwe jikoni, aonje, apulize filimbi. Filimbi ya kweli, ya kamba shingoni. Chumvi ikipungua anasema "ongeza, baba," na baba anaongeza. Ikizidi, baba anaonyeshwa kadi ya njano, kipande cha boksi walichokipaka rangi wenyewe.

Mimi nilikuwa naishi kwangu, nakuja Jumapili. Nilijua mwanangu ana moyo mbovu. Daktari alimkataza kucheza mpira, akamkataza na chumvi.

Mpira ulimliza, nilimwona. Akawa anasimama nyuma ya goli amevaa glavu zake, anamwelekeza kipa mpya. Habari ya chumvi hakuigusia, nami sikumuuliza.

Kisha moyo ukasimama. Karakanani, asubuhi, geti la watu likiwa nusu.

Basi.

Baada ya msiba nikabaki nimsaidie mkwe wangu. Hapo ndipo nikakutana na mambo mawili yaliyonishinda: chumvi, na Refa.

Mtoto hakulia. Na hakula. Chai anakunywa, tena nusu kikombe. Ukimwekea sahani anaitazama kama umemwekea jiwe. Shingo ikawa nyembamba, sketi ya shule tukaibana kwa pini. Zahanati walisema ni majonzi, tumpe muda. Muda gani, na mtoto anayeyuka mbele yangu?

Siku moja mchana nikanunua chumvi, nikajaza kopo, nikaaga kwa sauti kwamba naenda sokoni. Nikazunguka uani, nikageuza ndoo, nikakaa nyuma ya nguo zilizoanikwa. Nikasema leo ni leo, huyo mwizi atanieleza.

Sikukaa sana.

Akatoka Refa, kopo kifuani. Akachuchumaa kwenye mfereji wa maji machafu, akaanza kuimwaga kidogo kidogo, uso ameugeuzia pembeni, kama mtu anayemwaga sumu.

Sikumfokea. Nilimuuliza taratibu, "Mjukuu wangu, chumvi imekukosea nini?"

Kopo likamponyoka. Akanitazama.

"Bibi, mimi ndiye niliyemuua baba."

Nikakaa palepale kwenye unyevu. Nikamvuta kifuani. Ikabidi nisubiri, maana maneno yalikuwa yanamtoka moja moja.

Siku ya msiba alikuwa amejilaza mkekani katikati ya wanawake, amefumba macho. Shangazi yake, binti yangu mwenyewe wa kumzaa, akawaambia wenzake kwamba kaka yake ameuawa na chumvi. Daktari alimkanya, jiko likamshinda. Wanawake wakaguna, wakatikisa vichwa.

Mtoto akajumlisha. Ni nani aliyekuwa anasema ongeza?

Na chumvi alikuwa anaimwaga kwa sababu alituona mimi na mama yake tunaila. Hakutaka tumfuate baba.

Nilimwambia si kweli. Akanijibu kitu kimoja tu: "Unanibembeleza, bibi."

Na kweli. Mimi mwenyewe yale maneno ya binti yangu nilikuwa nimeyaamini.

Mkwe wangu aliporudi nilimpokea nje, kabla hata hajatua mzigo, nikamweleza yote. Alitua nguo zake mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye friji, akachimba chini ya barafu. Akatoa bakuli la plastiki lenye kifuniko, limefungwa kwa mpira.

"Mama," akaniambia, "sikuweza kulitupa."

Kilikuwa chakula cha Kipa. Alikipika jioni ya mwisho, fungu lake akaliweka alile kesho yake.

Ndipo akanieleza. Kila siku mumewe alikuwa anachota fungu lake kwanza, kabla chumvi haijaingia, analifunika, halafu ndipo anamwita Refa. Yeye chumvi haruhusiwi hata ya kwenye ncha ya ulimi, atajuaje chakula cha wengine kimekolea? Akauazima ulimi wa binti yake. Na akamkataza mkewe asimwambie mtoto, kwa sababu akijua baba anaumwa, mchezo utageuka uuguzi.

Lile bakuli nilikuwa naliona kila Jumapili. Nilidhani ni madoido yake tu.

Tulikipasha moto. Kuku na viazi, tangawizi nyingi kama kawaida yake. Harufu ilipojaa nyumba, mkwe wangu aliugeukia ukuta, akakaa hivyo mpaka akaweza kugeuka tena.

Akamwita mwanawe. Hakumhubiria. Alimpa kijiko, akamwambia, "Hiki ni cha baba. Onja."

Refa akasita. Akaonja. Nikamwona anatafuta kwa ulimi, macho ameyakazia mahali pamoja, kama alivyozoea. Akaonja tena.

"Hakina chumvi."

"Hakikuwahi kuwa nayo."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mama."

Akalia. Mara ya kwanza tangu msiba, kilio cha kutoka tumboni, hata majirani wakachungulia. Na huku analia anachota. Kwikwi inamkata, anameza, anachota tena. Mimi na mama yake tulikaa mikono mapajani, hakuna aliyegusa. Akala mpaka sufuria likawa jeupe.

Hapo hakikubaki tena duniani chakula kilichopikwa na mkono wa mwanangu.

Shangazi mtu nilimwita kesho yake. Akapiga magoti mbele ya mtoto wa darasa la pili, akaomba radhi, na mtoto akamwambia ainuke, sakafu ni baridi.

Nanyi mnaosoma, nawaomba kitu. Mkiwa msibani, kabla hamjasema marehemu ameuawa na nini, tazameni mkekani. Yule mdogo mnayedhani amelala, huenda ndiye mnayemhukumu.