Rosebellah na Mkate wa Kisiwani

Mimi na Rosebellah tulitoka Vihiga pamoja mwaka 2013, kwenda kazi za ndani Uarabuni. Mimi nilipelekwa Riyadh, yeye Jeddah, mtaa wa Aziziya, kwenye nyumba yenye geti refu la chuma. Ufunguo ulikaa kwa madam, mke wa bosi wake. Kwa miaka miwili Rosebellah hakuvuka geti lile peke yake. Akitoka ni ndani ya gari, amempakata mtoto. Alikuwa akinipigia simu kulalamika, nami namwambia, "Vumilia dada, huku ni yale yale."

Kiangazi kimoja bosi wake alichoka na joto, akataka mahali penye utulivu. Wakaenda kisiwa kidogo cha Ugiriki, naye Rosebellah akachukuliwa kuangalia watoto. Alinipigia akicheka mpaka akakohoa.

"Jael, hawa watu wamelipa ndege na meli kuja kukaa kama kwetu! Mbuzi wanapita mlangoni, maji ni ya kisima, mall mafi, hakuna hata moja. Madam amenuna. Na nyumba haina geti."

Haina geti! Hapo nikatega sikio.

Asubuhi moja mkate uliisha. Dereva alikuwa amebaki Jeddah, bosi amelala. Madam akatazama huku na huku, kisha akampa sarafu. "Yalla, nenda dukani. Rudi haraka."

Rosebellah alisimama nje ya mlango akingoja mtu wa kumtangulia. Hakuna aliyetoka, akaanza kutembea. Duka lilikuwa hapo chini tu. Mama mwenye duka akamfungia mkate wa moto kwenye karatasi, akamsemesha kwa lugha yao. Kurudi, akazungukia njia ndefu ya ufukweni, polepole, mkate ukimchoma kifuani. Aliniambia alifurahi mpaka akaogopa.

Alimkuta madam mlangoni, machozi yanamlengalenga. "Nilidhani umekimbia!"

"Nikimbilie wapi, madam? Hiki ni kisiwa."

Ningekuwa mimi ningerudi jioni, na mkate wenyewe nimeumaliza.

Waliporudi Aziziya, geti likafungwa kama kawaida. Mkataba ulipokaribia kwisha, madam akamwahidi nyongeza ili abaki. Rosebellah akasema nyongeza hataki. Anataka awe anakwenda dukani mwenyewe asubuhi. Madam akacheka, akidhani ni utani.

"Mkate analeta dereva. Halas, yameisha."

"Basi madam, nikatie tiketi ya nyumbani."

Nilimwita mjinga kwenye simu, na sikuwa natania. Kuacha mshahara kwa ajili ya mkate! Mimi nikabaki Riyadh.

Niliporudi Kenya nilikwenda kumwona. Chai ikaiva, mkate hakuna. Mabinti zake wawili wakubwa walikuwa wamekaa tu na simu zao, nikamwambia atume mmoja.

"Hawa hawatumwi mkate. Mkate naufuata mwenyewe," akasema, akavaa ndala akatoka.

Duka liko ng'ambo ya barabara. Chai ilipoa tukimngoja, na hakuna aliyemlaumu.