Taa ya Mti Niliong'oa Busisi

Mama mtu mzima alipiga magoti mbele ya taa yangu kwenye kibanda changu pale Kirumba, mchana kweupe, akaangua kilio.

Taa ikawaka.

Watu wakaruka nyuma. "Uchawi huo!"

Mimi nikacheka. Tena kwa nguvu.

"Mama, usiogope. Ina kifaa kinachosikia sauti. Ukipiga makofi inawaka, ukipiga tena inazima. Unaichaji kama simu."

Ndiyo kazi yangu. Naokota miti na mawe ufukweni, nasugua, natoboa, naweka taa za LED. Watu wa hoteli wanazipenda kinoma.

Yule mama aliingiza kidole kwenye tundu nililopitishia waya.

"Tundu hili nilitoboa mimi kwa msumari wa moto," akasema. "Nikafunga kitambaa cheupe. Kiko wapi?"

Kitambaa nilikitupa.

"Baba, mti huu uliutoa wapi?"

"Busisi. Niliuokota ufukweni."

"Uliuokota au uliung'oa?"

Jamani. Ule mti ulikuwa umesimama, chini umezungushiwa mawe. Nilidhani ni kigingi cha kufungia mitumbwi, wenyewe wamekiacha. Nikaung'oa. Na mawe nikabeba, ndiyo yakawa kitako cha taa.

"Lile ni kaburi," akasema. "Kwetu aliyekufa maji tunamzika palepale alipotolewa."

Vijana wa bodaboda wakageuka wote.

"Fundi Luhaga! Kumbe unatuuzia makaburi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mama. Mwanao aliitwa nani?"

"Si mwanangu. Simjui. Tulimkuta kwenye matete, hana wa kumlilia, nikamzika. Sasa ndugu zake wamepatikana. Wanakuja kesho kutoka Shirati. Nimewaambia njooni tu, kuna mti, mtauona."



Nikachomoa waya na taa palepale, nikafunga kibanda, nikamfuata yule mama. Anaitwa Paskazia, anauza dagaa.

Tulipofika ufukweni kule Busisi, maji ya ziwa yalikuwa yamepanda na kurudi. Mchanga wote sawasawa.

"Haya, ulikuwa wapi?" akauliza.

"Hapa." Nikasogea. "Hapana. Pale kwenye matete."

"Matete gani? Mbona yako kila mahali?"

"Mama, wewe si ndiye uliyezika?"

Akaniangalia. "Nilikuwa nautegemea mti, baba."

Tulizunguka mpaka tukachoka. Hatukupaona.

Kesho yake akashuka garini mzee mmoja mrefu, Otuoma, na ndugu zake. Mimi nilikuwa nimesimama na mti begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akakishika kiganja changu kwa mikono yake miwili. "Wewe ndiye uliyemsitiri mwanangu? Mungu akubariki sana. Akubariki na watoto wako."

Mama Paskazia alikuwa nyuma yake. Angeweza kunisema. Hakunisema. Aliangalia pembeni tu.

Nilitaka kuitikia amina, yaishe.

"Hapana, mzee," nikasema. "Aliyemzika ni huyo mama. Mimi ndiye niliyeng'oa alama. Sijui tena lilipo kaburi."

Mikono yake ikaniachia polepole. Hakunitukana, na bora angenitukana. Aliangalia ule ufukwe mrefu, huku na huku. Halafu akavua kofia.

"Sasa nielekee wapi?" akauliza.



Ndugu zangu mnaookota vitu ziwani, siku ile naung'oa ule mti kulikuwa na nyumba pale juu, moshi unatoka jikoni. Ningepiga hodi tu.