Kipande cha tatu kilikuwa ndani ya mfuko wangu

Krrraa. Ndiyo sauti iliyobaki: mgongo wa kitabu ukipasuka juu ya goti la Solange. Tumemzika Alhamisi, na mpaka leo karatasi ikichanika popote nageuka kumtafuta.

Tulikuwa na nakala moja, riwaya ya kurasa mia saba. Akaipasua vipande vitatu barazani kwao, mtaa wa Nguba. "Tukingojeana tutazeeka." Yeye akaanza na cha kwanza, mimi nikapewa cha tatu nikitunze.

Sharti lilikuwa moja: "Ukiniambia mwisho, urafiki umekwisha. Na sichezi."

Ni riwaya ya upelelezi, Bukavu ya miaka ya hamsini, Mbelgiji bado ndiye bwana. Barabara ni hizi hizi tunazopita. Vibali vya kutembea usiku vilikuwepo kweli, viboko pia, na watu kweli walihamishwa mbali na kwao. Ndiyo maana uongo wake uliingia bila kubisha hodi.

Katika kipande cha pili kuna karani kijana, mpiga tapureta wa administrata, yule Mbelgiji mkuu wa wilaya. Rafiki zake wanakutana kwa siri, naye anapeleka majina yao. Zawadi yake ni baiskeli.

Koko wa Solange, babu yake wa kule Walungu, alikuwa karani wa administrata. Picha yake iko ukutani kwao: kaptula nyeupe, mkono juu ya baiskeli mpya.

Solange aliniambia mimi peke yangu, akanipa vipande vyake viwili; cha tatu hakukitaka bado. "Ni yeye. Soma tu, ni yeye."

Hakumpigia koko simu tena, yeye aliyekuwa akimsomea magazeti kila likizo. Mzee alipokuja mjini, Solange alitoka kwa mlango wa nyuma. Koko akamuuliza mama yake amemkosea nini mutoto. Mama hakujua.

Mimi nilijua, na zaidi. Nina tabia mbaya ya kuanzia nyuma. Kwenye ukurasa wa mwisho mwandishi anaeleza kipi ni historia na kipi ametunga. Karani amemtunga, toka kichwa mpaka baiskeli.

Nikanyamaza. Nilijiambia nalinda sharti. Ukweli ni kwamba nilipenda kujua kitu ambacho Solange, mwerevu kuliko sisi wote, hakukijua.

Kisha malaria ikamshika Solange. Siku nne tu.

Koko alifika hospitali na ndizi, viatu vimejaa vumbi la Walungu. Solange akageukia ukuta. "Mumuambie arudi. Aende kuandikia Wazungu wake."

Mzee akaweka ndizi chini, akatoka. Kipande cha tatu kilikuwa ndani ya mfuko wangu, pale pale kando ya kitanda. Nikafikiri: akipona atajisomea.

Msiniandikie hapa chini kwamba ni mapenzi ya Mungu. Malaria labda. Ule ukuta ni wangu.

Lala salama, Solange, dada yangu, hata kama mimi silali. Sharti lako nimelivunja. Jumamosi nilipanda bisi ya Walungu, nikamsomea koko ukurasa ule, kisha nikamwambia tangu lini nilikuwa nao.



"Angeniuliza tu," akasema. "Ningemuambia ile nilifanya, na ile sikufanya."

Hakunifukuza. Nilimwachia vipande vyote vitatu mezani.