Nywele za Laura Siku ya Tribinali

Aurélie hakuwa mwanamke wa wivu. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na aliyetaka kumbishia alifanya vizuri kusimama mbali na meza yake ya mchele pale sokoni Kasongo. Mumewe Roger, mkulima mpole, alikuwa huru kusalimiana na wanawake wa mji mzima bila kuulizwa neno. Lakini lilipokuja suala la Laura, Aurélie alikuwa na kijicho cha kuunguza nyumba.

Laura hakuzaliwa naye. Alizaliwa na Elsa, mdogo wake wa tumbo moja, kwa mchimba dhahabu wa Salamabila ambaye hakurudi hata kumtazama mtoto. Elsa alimleta Kasongo akiwa bado hajaota meno. "Yaya, unishikie huyu kidogo," alisema, kwa jina analoitwa dada mkubwa kule kwao, kisha akapanda pikipiki akarudi Salamabila kuuza nguo. Hicho kidogo kikawa miaka. Aurélie, ambaye hakujaliwa kupata mimba, alimlea mtoto, akakesha naye kwa homa, akamwanzisha shule. Laura akamwita Mama. Elsa akabaki kuwa Mama mudogo, mtu wa kutokea mara mojamoja na biskuti na vicheko.

Biskuti zile zilimchoma Aurélie kuliko pilipili. Yeye ndiye aliyepika uji, akafua sare na kugombana na chawa, lakini mtoto akila biskuti moja tu alishinda akiuliza, "Mama mudogo atakuya lini tena?" Sasa hapo nani asinune?

Siku moja Laura alianguka akavunjika mkono. Hospitalini, kabla ya kumchoma sindano ya usingizi ili waurudishe mfupa, waliuliza mama yake ni nani.

"Ni miye," alisema Aurélie.

"Weye ndiye ulimuzaa?"

Akatikisa kichwa. Ikabidi Elsa atafutwe kwa simu, na mtandao wa Salamabila mnaujua wenyewe. Mtoto aliugulia maumivu mchana kutwa huku wakisubiri "ndiyo" ya mtu aliyekuwa mbali, na Aurélie amemshika mkono wa pili. Siku hiyo aliapa kwamba Laura atakuwa wake mpaka kwenye karatasi, asiulizwe tena swali lile na mtu yeyote.

Majirani walimwambia atafute avoka, yaani wakili, huko Kindu. Aurélie alijifunga kitenge vizuri akaenda mwenyewe tribinali, ndiyo mahakama. Karani, mzee asiye na haraka, alimweleza kwamba avoka si lazima. Ukoo ukutane ukubaliane, yeye na mumewe walete ombi lao, kisha aliyemzaa mtoto aje kwa miguu yake kusema mbele ya hakimu kwamba anamtoa.

"Bila mdomo wake, mama, hakuna kitu," alimaliza karani.

Ukoo ulikutana, wajomba wakala kuku, wakakubali. Ombi liliandikwa. Kumwita Elsa, hapo ndipo palipokuwa na mfupa wa kumeza. Aurélie aliomba subira kwa Mungu, akapiga simu. Elsa hakubisha. Alisema tu, "Nitakuya, Yaya," kwa sauti ndogo, na sauti ile ndogo nayo ilimuudhi dada yake.

Akaja, amependeza kama mtu wa harusi. Laura aliiona pikipiki ikikata kona, akatupa ndoo ya maji katikati ya njia, akakimbia. Aurélie aliokota ndoo. Jioni alimwambia mdogo wake kwamba nyumba inavuja, afadhali akalale kwa binamu yao. Ulikuwa wakati wa kiangazi, mvua haijanyesha muda mrefu, lakini Elsa alibeba mkoba wake akaenda bila kuuliza.

Siku ya kwenda tribinali ilikuwa Jumatatu. Sasa, Jumamosi katika nyumba ile ilikuwa siku ya kusuka. Aurélie hakumpeleka mtoto kwa msusi hata siku moja. Alimkalisha chini, katikati ya magoti yake, akamsuka mistari minene iliyonyooka, isiyo na mbwembwe, na mtoto akamwaga habari zote za wiki: aliyepigwa, aliyeiba kalamu, mwalimu aliyesinzia. Uso kwa uso Laura hakusema mengi. Ilikuwa lazima ampe mama yake kisogo ndipo mdomo ufunguke.

Jumamosi ile Aurélie alichelewa sokoni. Aliporudi alimkuta Laura mkekani, katikati ya magoti ya Elsa, kichwa kimejaa visuko vyembamba vilivyozunguka kuelekea shingoni. Na mtoto alikuwa anazungumza! Anamwaga yote, mpaka habari ya mwalimu.

"Mama, angalia! Mama mudogo anajua mutindo ya Salamabila!"

"Ni muzuri," alisema Aurélie, akaingia jikoni, akatwanga majani ya sombe kama anayelipiza kisasi.

Alimwonea wivu Elsa. Tuseme wazi. Alivionea wivu vidole vyake, magoti yake, na zile habari za wiki nzima ambazo zilikuwa haki yake. Jumapili kanisani hakusikia mahubiri. Alikuwa anakitazama kile kichwa.

Jumatatu alfajiri alimwamsha mtoto.

"Kuya nikufungue hii nywele. Hauwezi kwenda kwa juge na mambo ya kucheza."

"Lakini Mama, iko safi."

"Kaa chini."

Laura akakaa. Aurélie alifungua, akafungua, ila visuko vya Elsa vilikuwa vidogo na vimekazwa barabara. Jua lilipanda, Roger akabisha mlangoni kwamba wanachelewa, na upande mmoja tu wa kichwa ndio uliofunguliwa. Upande huo nywele zilisimama kama kichaka, upande wa pili urembo mtupu. Hakuna mama wa Kasongo anayempeleka mtoto hata kisimani akiwa hivyo. Aurélie alimfunga kitambaa, akakikaza, akamwomba Mungu asaidie kilichobaki.

Elsa alikuwa ameshafika tribinali. Waliingia kwa hakimu wakakaa kwenye benchi moja: Roger, Aurélie, mtoto, kisha Elsa. Hakimu alisoma ombi, akamwita Laura asogee karibu. Mtoto aliinama kupita kwenye meza, kitambaa kikanasa kwenye ukingo wake, kikachomoka kichwani.

Karani alishindwa kuficha kicheko. Elsa alitazama kazi yake iliyobomolewa, kisha akamgeukia dada yake, na macho yake yakajaa machozi.

"Nani alikufanya hivi?" aliuliza hakimu, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Huyu ndiye mtoto ambaye yeye hakimu alitakiwa kumkabidhi kwa mama mpya.

Laura aliwatazama mama zake wawili.

"Ni miye," alisema. "Ilikuwa inaniwasha. Nilifungua miye mwenyewe."

Alidanganya bila kupepesa. Moyo wa Aurélie ulipiga kwa furaha, halafu furaha ile ile ikamtia haya. Alisimama.

"Bwana juge, mutoto anasema bongo, si kweli. Ni miye nilifungua. Mudogo yangu alimusuka vizuri, na miye ikaniuma. Ni wivu tu."

Roger alifumba macho. Hakimu aliweka kalamu chini, akamgeukia Elsa.

"Umesikia. Bado unamutoa mutoto kwa huyu?"

Elsa alikitazama tena kile kichwa cha mtoto. Aurélie alisimama pale, akijua neno moja tu la mdogo wake linatosha kumbeba Laura mpaka Salamabila.

"Mutoto angeweza kusema kweli," alisema Elsa mwishowe. "Alinipenda tangu nifike, nilizani atanikamata mukono nisimuache. Lakini ameongopa kwa kumukinga Yaya. Miye, hakuna mutu aliongopa kwa kunikinga hata siku moja." Akajifuta uso kwa kiganja. "Namutoa. Andika, Bwana juge."

Hakimu akaandika. Laura alirudi kwenye benchi, akajibana kwenye ubavu wa Aurélie, na Elsa akamtazama mtoto alivyojibana. Aurélie aliliona jicho lile. Alilifahamu vizuri mno, lilikuwa jicho lake mwenyewe la wivu, na kwa mara ya kwanza hakujua aifiche wapi furaha ya kile alichokipata.